Ile habari ya mpiga fidla wa Washington: angekuja Tanga angesikilizwa?

Mkonge Mbichi (mleta uzi)

Salaam wakuu.

Ule ujumbe wa mpiga fidla wa Marekani umeanza kuzunguka tena kwenye magrupu. Mnaujua: mtu kasimama kituo cha treni asubuhi, anapiga muziki wa hali ya juu, watu wanampita tu, halafu mwisho unaambiwa huyo ni katika wapiga fidla wakubwa duniani, na wewe unayesoma unatakiwa ujilaumu kwa kukimbilia kazini. Nimetumiwa na shemeji, nimetumiwa kwenye grupu la msiba, juzi nimetumiwa na fundi wangu wa friji. Naomba tuujadili, maana funzo wanalolitoa mimi silikubali.

Kwanza tuiweke habari yenyewe sawa, kwa sababu hii ya kwenye simu imeshachakachuliwa. Mpiga fidla ni Joshua Bell. Siku ni Ijumaa, 12 Januari 2007, kituo cha L'Enfant Plaza mjini Washington. Alianza saa 1:51 asubuhi, amevaa jinzi na kofia ya besiboli. Waliopanga jaribio ni gazeti la Washington Post, na mwandishi wake Gene Weingarten akaiandikia makala iliyompatia tuzo ya Pulitzer mwaka 2008. Bell alipiga kwa dakika 43. Waliompita ni watu 1,097. Waliosimama kumsikiliza angalau dakika moja ni saba. Waliotoa hela ni 27, wengi wao bila hata kupunguza mwendo. Kilichopatikana ni dola 32 na senti 17, ukiacha dola 20 za mama mmoja aliyemtambua kwa kuwa alimwona kwenye onyesho wiki chache nyuma. Fidla yenyewe ilitengenezwa na Antonio Stradivari mwaka 1713, na inasemekana Bell aliinunua kwa dola milioni 3.5 hivi. Siku tatu kabla ya hapo alikuwa amejaza ukumbi wa Symphony Hall kule Boston, kiti cha maana kikiwa dola 100. Kwa hiyo anayekuletea dakika 45, watu sita na wapita njia elfu mbili, mwambie arudi akasome.

Sasa wasambazaji wanasema kosa ni haraka. Dunia inakimbia, tumesahau uzuri, na kadhalika. Mimi naona haraka inasingiziwa. Makala yenyewe inaeleza kwamba jirani na alipokuwa Bell palikuwa panauzwa tiketi za bahati nasibu, na watu walipanga foleni pale. Mtu wa foleni hakimbii. Amesimama, anasubiri, na fidla ya mamilioni iko hatua chache nyuma ya mgongo wake. Hawakugeuka.

Nikaifikiria Tanga yetu. Sisi haraka hatuna, tusidanganyane. Panda daladala ya Pongwe pale Ngamiani saa kumi na moja jioni. Gari haliondoki mpaka lijae, na likishajaa konda anatafuta nafasi ya mtu mmoja ambayo haipo. Nje ya dirisha yupo yule mzee wa gitaa (wapita njia ile wanamjua, jina silitaji), ameshika gitaa kavu, anapiga dansi za enzi za bendi za Atomic na Jamhuri Jazz. Na anazipiga kweli kweli. Solo inapanda, inashuka, inacheza na sauti yake, vidole havikosei. Abiria wa dirishani angenyoosha mkono angemgusa. Hana pa kwenda, hana cha kufanya. Anachezea simu.

Jibu langu ni kwamba tumemweka fungu moja na ombaomba. Mtu akishaingia kwenye fungu hilo, shughuli yako naye inaisha ukimpa mia mbili au ukijifanya hukumwona. Wale 27 wa Washington walifanya hivyo hivyo, walitoa ili wapite. Mchukue mzee huyu huyu umpeleke harusini Chumbageni, mpe kiti na maiki. Akina mama watainuka mmoja mmoja na noti mkononi, watakwenda mbele kwa madaha, watamtuza na kila mtu aone. Hela ni ile ile ya mfukoni mwao na nyimbo ni zile zile za pale stendi.

Nyie mnasemaje? Mnawasikiliza hawa watu? Wapi?

Mwana wa Nguvumali

Nimekaa kiti cha mbele. Endeleeni.

Konda Mstaafu

Mleta uzi umeandika vizuri ila hujawahi kusimama mlangoni. Mimi nimepiga ukonda njia ya Pongwe na njia ya Raskazone, nakuambia abiria wanasikia. Wewe umeangalia nyuso. Nyuso za abiria jioni hazisemi kitu, mtu kachoka, anawaza mkopo. Angalia vidole. Angalia mguu. Yule mama mwenye kikapu cha mchicha aliyenuna kule nyuma, kisigino chake kinafuata gitaa mwanzo mpaka mwisho, na ukimwambia anasikiliza muziki atakukana.

Tena kuna siri ya biashara hapa. Gari likipakia mahali penye muziki, abiria hawalalamiki kusubiri. Sisi makonda tulikuwa tunagombea kuegesha karibu na yule mzee. Ukiegesha mbali, dakika tano tu wameanza: "Konda, tunaondoka au tunalala hapa?" Ukiegesha kwake unapata mpaka dakika kumi za amani. Kwa hiyo hao watu saba wa Washington mimi siwaamini. Kamera inaona aliyesimama. Aliyepita kapunguza mwendo moyoni nani kamhesabu?

Mkonge Mbichi

Konda, hoja ya visigino naipokea. Ila sasa umejishitaki. Mlikuwa mnamtumia kutuliza abiria. Mlimlipa?

Konda Mstaafu

Tulimpa soda.

Mwana wa Nguvumali

Soda 😂😂

Baharia Mkavu

Naomba kutofautiana na wote. Jaribio lenyewe halikuwa la haki. Unamchukulia mtu saa mbili kasoro asubuhi, mwezi wa Januari, baridi ya Marekani, unampigia Bach. Kile kipande alichoanza nacho, Chaconne, kinakwenda robo saa bila maneno. Hata huko kwao watu wanakilipia ili wakae kwenye kiti, wazimiwe taa, wakatazwe kukohoa. Ukitoa kitu mahali pake usishangae watu wasikione. Mlete huyo Bell Ngamiani na Chaconne yake, watu watadhani bado anakaza kamba.

Na msituletee habari za "uzuri". Uzuri ni wa nani? Mimi asubuhi kitu kizuri ni bodaboda asiyeing'ang'ania hamsini yangu.

Mwalimu wa Kwaya

Baharia, hapo kwenye mahali pake uko karibu na ukweli, lakini hapo kwenye Bach usiseme hivyo. Bell hakupiga Bach peke yake. Kipande cha pili kilikuwa Ave Maria ya Schubert. Hiyo inaimbwa kwenye harusi za Kikatoliki dunia nzima, hapa Tanga ukiipiga nusu ya watu wataifuatisha. Wamarekani wa kituoni waliipita vile vile. Ugeni wa muziki hautoshi kueleza.

Niongeze mambo mawili ambayo wasambaza ujumbe hawayaweki. La kwanza, halikuwa jaribio la kwanza. Mwaka 1930 kule Chicago gazeti moja lilimvalisha nguo chakavu mpiga fidla maarufu, Jacques Gordon, naye akiwa na Stradivarius, wakamweka barabarani. Alipata dola 5 na senti 61. Weingarten mwenyewe aligundua habari hiyo baada ya makala yake kutoka, akaiandika. La pili, Septemba 2014 Bell alirudi kupiga kwenye kituo kingine cha treni hapo hapo Washington, Union Station. Safari hii walitangaza. Watu walifurika.

Mtu yule yule, mji ule ule, kituo cha treni. Kilichoongezeka ni tangazo. Mnaona? Watu hawakupewa masikio mapya kati ya 2007 na 2014. Walipewa ruhusa ya kusimama. Mtu mzima hasimami ovyo katikati ya njia, anaona aibu, anahisi ataulizwa "unafanya nini hapa". Akikuta wenzake hamsini wamesimama, aibu inaisha.

Ndiyo maana mleta uzi nakubaliana nawe nusu. Suala la ombaomba lipo. Lakini kabla yake lipo suala la pa kusimama. Pale Ngamiani ukisimama kumsikiliza yule mzee, mkokoteni unakusukuma, mwenye duka anakuambia umemzibia wateja, na daladala inarudi nyuma bila kuangalia. Siyo dharau, ni kwamba hakuna nafasi ya kuweka miguu.

Bi Mkubwa wa Makorora

Wanangu, nimesoma yote haya, mjukuu ananisaidia kuandika.

Mnazungumza habari ya kusimama. Zamani Tanga hii muziki ulikuwa na pa kusimama, hata kwa asiyekuwa na kiingilio. Taarabu ya Black Star ilipokuwa imepamba moto, miaka ile ya sitini, na baadaye Lucky Star, ukumbini waliingia wenye kanga mpya na waliotiwa udi. Nje, chini ya madirisha, walikuwepo wengine, tena wengi zaidi. Watumishi wa majumbani, wavulana, wapagazi wa bandarini, mimi na dada zangu. Hakuna aliyetufukuza. Mtu aliondoka pale anajua maneno yote, na kesho yake kisimani au kwenye foleni ya unga anayaimba kuliko aliyelipa. Na mjue taarabu ya Tanga ndiyo iliyoingiza gitaa na besi, ikachangamka mpaka watu wakaweza kuicheza. Kabla ya hapo taarabu ya Unguja unakaa, unatikisa kichwa tu. Shakila, mtoto wa Pangani, alianza kusikika kwenye vikundi hivi, Mungu amrehemu, katuacha mwaka 2016. Wale waliokuwa dirishani ndio waliokuwa wanajua kama leo kaimba vizuri au kachoka.

Kuhusu kutuza, huyu kijana mleta uzi amesema kweli lakini hakumaliza. Kutuza siyo hela tu. Unapokwenda mbele unachagua ubeti. Unangoja neno lako lifike, lile linalomgusa jirani yako aliyekuchamba, ndipo unainuka. Kwa hiyo ni lazima usikilize, tena kwa makini, usije ukainuka kwenye ubeti unaokuchamba wewe mwenyewe! Huyu wa barabarani hatumtuzi kwa sababu nyimbo zake hatujui zinamsema nani.

Halafu nyie mnatafuta mwanamuziki wa barabarani mpaka mnaingia Marekani, na hamumtaji muuza kahawa. Anapita Makorora alfajiri, birika mkono mmoja, vikombe viwili vya udongo mkono mwingine, anavigonga. Kila muuza kahawa ana mdundo wake, mimi nikiwa kitandani najua ni huyu au ni yule wa barabara ya pili. Fundi cherehani wa kutembea na mashine begani, mkasi wake unalia kacha, kacha-kacha, kacha. Kijana wa rangi za kucha anatikisa chupa zake. Mchuuzi wa samaki na honi ya mpira kwenye baiskeli. Hao wote wanapiga, na wote tunawasikia, kwa sababu kila mlio una habari ndani yake: kahawa, nguo iliyochanika, kucha, samaki. Hakuna anayeupita mlio wa samaki mbichi.

Mkonge Mbichi

Bi Mkubwa, shikamoo. Hapo kwenye kuchagua ubeti umenifumbua. Ila naomba kuuliza kwa heshima: kama tunasikia mlio kwa sababu una kitu cha kununua, si ndiyo tunarudi kule kule? Muuza kahawa tunamsikia kwa sababu tunataka kahawa.

Bi Mkubwa wa Makorora

Marahaba mwanangu. Mimi daktari alinikataza kahawa siku nyingi. Bado namsikiliza.

Baharia Mkavu

Bibi kamaliza kesi 🙌

Digo wa Mwambani

Kuna jambo mnaliogopa kulisema na mimi nalisema kwa adabu. Mji huu watu wengi ni wa dini, na wapo ambao ala za muziki wanaziepuka kwa imani yao. Anampa mzee sadaka kwa sababu ni mzee, na hasimami kwa sababu hataki kusikiliza. Siyo kwamba hana moyo. Mtu huyo huyo mlete kwenye Maulidi, dufu zikianza na vijana wakipanga safu, machozi yanamtoka. Msimpime kwa gitaa.

Mwalimu wa Kwaya

Umesema vizuri, ndugu. Na asubuhi wakati wa kwenda kazini wengi wetu, hata sisi wa kanisani, tunapunguza hatua tukipita madrasa watoto wanapofanya kaswida. Sijawahi kumwona mtu akiwapita wale watoto kwa kasi.

Zeze la Bagamoyo

Salaam kutoka Bagamoyo, naomba kuchangia japo uzi ni wa Tanga.

Huku tuna shida ya upande wa pili. Tuna chuo cha sanaa cha TaSUBa, tuna vijana wa sanaa kila kona tangu chuo kilipoanza mwaka 1981, na tamasha letu linafanyika tangu 1982. Ngoma tunaamka nazo. Ukiniuliza asubuhi nilipokuwa nakwenda sokoni kama nilisikia marimba, nitakuambia hapana, na yalikuwa yanapigwa. Masikio yamezoea. Watalii wanasimama, wanarekodi, wenyeji tunawazunguka.

Marehemu mzee Hukwe Zawose aliishi hapa mpaka alipofariki Desemba 2003. Mgogo wa Dodoma, bingwa wa ilimba na zeze, kapiga Ulaya na Marekani kwenye kumbi kubwa. Hapa mtaani alikuwa mzee wa jirani. Watu walimsalimu, wakamuuliza hali ya mguu. Sasa huko nje waliokata tiketi na sisi tuliokuwa tunasikia mazoezi yake bure ukutani kwa jirani, nani alimsikiliza zaidi? Mimi sina hakika kama jibu ni wao. Wao walimsikiliza saa moja na nusu, wakapiga makofi. Sisi nyimbo zile ziliingia mpaka kwenye namna tunavyotwanga.

Mwana wa Nguvumali

Zeze la Bagamoyo hapo kwenye kutwanga umetuacha wengi. Fafanua.

Zeze la Bagamoyo

Njoo Bagamoyo utasikia mwenyewe, maelezo hayaandikiki 😄

Boda wa Kange

Mimi nina la kusema kuhusu watoto. Kwenye ile makala ya Wamarekani kuna sehemu moja iliyonigusa kuliko hela na fidla. Kila mtoto aliyepita pale alijaribu kusimama kuangalia. Kila mtoto. Na kila mara mzazi alimvuta mkono wakaondoka.

Sasa mimi kijiwe changu kinatazamana na njia ya wanafunzi. Watoto wetu hawavutwi mkono. Mtoto wa darasa la pili anakwenda shule mwenyewe, na mdogo wake wa chekechea kamshika. Wanakutana na yule kaka asiyeona anayeimba na spika yake ya kuvuta, wanasimama. Wanasimama kabisa! Mabegi mgongoni, midomo wazi, kaseti nzima. Kengele ya shule inalia huko, wao wapo. Halafu utawaona wanakimbia, na najua wanakwenda kukuta nini kwa mwalimu wa zamu.

Kwa hiyo takwimu za Washington zingefanyika hapa Kange zingekuwa nyingine kabisa. Wasikilizaji tungewapata, ila wote wangekuwa na sare na hakuna mwenye hela.

Tena wale watoto wanampa. Nilimwona mmoja anatia hamsini, ile ya kununulia barafu.

Konda Mstaafu

Boda umesema kweli. Na wenye baiskeli uwaongeze. Tanga mji wa baiskeli, mwenye baiskeli hahitaji hapo pa kusimama anapodai Mwalimu. Anashusha mguu mmoja, anasikiliza nusu ya wimbo, anakanyaga pedali anaondoka. Mwenye daladala hawezi, mwenye bodaboda injini inamzuia kusikia. Bell angewakuta watu wa baiskeli asingekosa wasikilizaji.

Boda wa Kange

Injini inanizuia kusikia ila siyo nikiwa kijiweni, konda. Kijiweni ndiyo nashinda. Wateja wenyewe wako wapi.

Baharia Mkavu

Wakuu nina swali la kiuchumi. Mnasema watu hawatoi. Nani ana sarafu siku hizi? Nauli yenyewe wengine wanalipa kwa simu. Mwaka 2007 Mmarekani alikuwa na senti mfukoni, akatupa. Mimi leo nikitaka kumtuza yule mzee wa gitaa sina kitu cha kutia kwenye kopo lake. Kwa nini asiwe na lipa namba? Aibandike kwenye gitaa.

Mkonge Mbichi

Baharia, siku ya kwanza ya uzi ulikuwa unatetea hamsini yako kwa bodaboda. Leo unataka kutuza?

Baharia Mkavu

Bi Mkubwa kaniharibu. Jana nimejikuta nasikiliza mkasi wa fundi cherehani mpaka akaniuliza kama nina suruali ya kukata.

Mwalimu wa Kwaya

Wazo la lipa namba linawezekana, nimeona kwaya zinafanya hivyo. Lakini kwa wa barabarani kuna ugumu. Sarafu ikianguka kwenye kopo inalia, mpigaji anajua kwamba umefika, anakupa mkato mmoja mzuri wa asante. Hela ya simu inaingia kimya kimya, meseji anaisoma usiku. Anakosa kujua ni wimbo gani uliomlipa.

Digo wa Mwambani

Na kampuni za simu zitamkata makato, hiyo mia mbili yako itafika mia na kitu.

Konda Mstaafu

Nimempitia yule mzee leo mchana, nimemweleza mpango wenu mzima. Kacheka. Anasema laini yake anaishika mjukuu, na hela ikiingia kwa mjukuu haifiki nyumbani, kwa hiyo lipa namba hapana, kopo linatosha. Kuhusu kusikilizwa nimemuuliza moja kwa moja: mzee, watu wanakupita, huumii? Anasema yeye anapiga kwa ajili ya mkono usikakamae. Akikaa nyumbani siku mbili vidole vinagoma. Na anasema anawajua wanaosikiliza, hata waliokaa ndani ya gari, kwa sababu akikosea kwa makusudi kuna vichwa vinageuka.

Mkonge Mbichi

Anakosea kwa makusudi?!

Konda Mstaafu

Ndiyo. Anaweka noti ya ovyo katikati ya solo, anaangalia madirisha. Anasema njia ya Pongwe ina masikio kuliko ya Raskazone, ila hilo msilipeleke Raskazone.

Bi Mkubwa wa Makorora

Huyo ni mpigaji wa kweli. Mimi ni mtu wa Makorora, sina ugomvi na Raskazone, lakini amesema kweli.

Baharia Mkavu

Basi nikipita kesho nitageuza kichwa kila noti ili nisikose.

Mwalimu wa Kwaya

Ukigeuza kila noti atakujua kuwa husikii kitu 😄

Konda, kuna kitu anahitaji? Tusiongee tu humu.

Konda Mstaafu

Alitaja kamba. Ile ya tatu imekatika wiki hii, anaikwepa. Aliniuliza kama najua duka hapa mjini, nikamwambia nitauliza humu.

Mwalimu wa Kwaya

Ninayo seti moja ya akiba kabatini. Jioni napita na baiskeli. Gitaa lake linataka za chuma au za nailoni?

Konda Mstaafu

Za chuma. Na njoo na koleo, kile kifungo cha kukazia kimekwama, anakizungusha kwa meno.

Boda wa Kange

Koleo ninalo hapa kijiweni, Mwalimu. Pitia Kange, usilipe.